Kununua kwa Kuanzia Shimoni

Mtu aliyeuacha mchezo wa gofu kwa miaka mingi, kisha moyo ukamrudia, aghalabu huingia dukani kabla ya kuingia uwanjani. Na huko dukani kitu cha kwanza anachoonyeshwa ni draiva, ile fimbo ndefu yenye kichwa kikubwa king'aacho, ambayo ni ghali kupita zote, na ambayo, kwa rai yangu, ndiyo ya mwisho anayoihitaji. Makala haya yamekusudiwa kumshauri mrejeaji huyo, hasa yule akaaye Nyeri, Karatina, Nanyuki au Nyahururu, namna ya kujipatia zana za mchezo bila ya kuitia nyumba yake dhiki. Shauri lenyewe ni kwamba anunue kwa kuanzia shimoni na kurudi nyuma: fimbo imalizayo kazi itangulie, na fimbo ianzayo kazi ije baada ya zote.

Shauri hili limetoka katika ardhi yenyewe. Mji wa Nyeri umekaa baina ya Mlima Kenya na safu ya Aberdare, katika mwinuko unaokaribia mita 1,800 juu ya usawa wa bahari. Nanyuki, mahali ipitapo Ikweta, umeinuka zaidi ya hapo. Na Nyahururu umepita mita 2,300. Hewa ya mahali palipoinuka kiasi hicho ni nyepesi, na mpira upaao ndani yake hukutana na kizuizi kilicho kidogo kuliko kile cha Mombasa au Malindi. Kwa kadirio litumiwalo sana na wanaotengeneza mipira, mchezaji wa Nyeri huongezewa masafa kwa asilimia 6 au 7, na wa Nyahururu kwa kiasi cha asilimia 9. Yaani pigo ambalo Nyali, huko Mombasa, lingeishia mita 150, Nyeri hufika karibu mita 160, kwa fimbo ile ile na kwa nguvu zile zile. Masafa ndiyo bidhaa inayouzwa kwa makelele mengi kuliko zote katika biashara ya gofu, na mkaazi wa nchi ya mlima amekwisha kupewa sehemu yake bure.

Lakini neema ya hewa ina deni lake katika nyasi. Nyasi zilizotamalaki katika nyanda hizi ni zile ziitwazo duniani kote nyasi za kikuyu, ambazo wataalamu wa mimea huziita Cenchrus clandestinus, na ambazo asili yake ni nyanda za juu za Afrika ya Mashariki. Zilipewa jina la watu wa nchi hii, zikapelekwa Afrika ya Kusini, Australia na California, ambako uwanja mashuhuri wa Riviera, jijini Los Angeles, umefunikwa nazo mpaka leo, na wachezaji wakubwa wa dunia huzinung'unikia wakifika huko. Nyasi hizi hutambaa kwa mashina ya juu ya ardhi na ya chini ya ardhi pamoja, hujisuka zikawa nene, na katika miezi ya masika hukua kwa kasi inayowashinda wakataji. Zikiwa zimekatwa fupi, humfadhili mchezaji, kwani huubeba mpira juu juu kana kwamba umewekwa juu ya kijiti. Zikiachwa zirefuke kandokando ya grini, hugeuka zikawa hasimu: huishika shingo ya fimbo na kuupinda uso wake katikati ya pigo, na mpira uliokusudiwa kuviringika taratibu mpaka shimoni hufia mlemle njiani. Kwa hiyo hapa kwetu mchezo haupotei sana kwa ufupi wa pigo la kwanza. Hupotea katika zile hatua thelathini za mwisho, na fedha za mtu mwenye busara zapaswa kuelekea mahali mchezo wake upoteapo.

Wapo watakaosema kwamba gofu ni mchezo wa matajiri, na kwamba kuzungumzia unafuu ndani yake ni kujidanganya. Hoja hiyo ina historia nyuma yake, nami siidharau. Mchezo uliletwa Kenya na Waingereza. Klabu ya gofu ya Nairobi ilianzishwa mwaka 1906, nyingine zikafuata walowezi walikokwenda kulima, na kwa muda mrefu Mwafrika aliingia uwanjani kwa kazi ya kubeba mfuko wa mwingine. Lakini katika kazi hiyo hiyo vijana wengi wa Kenya walijifunza mchezo kwa kutazama, wakaujaribu jioni kwa fimbo moja kuukuu iliyotupwa na mwenyewe, na baadhi yao wakaja kuwa wachezaji wa kulipwa. Wala hawakuwa peke yao duniani. Severiano Ballesteros, aliyeshinda mashindano ya Kenya Open mwaka 1978 na Open ya Uingereza mwaka uliofuata, alizaliwa katika kijiji cha Pedreña, Uhispania, na utotoni alijizoeza pwani, juu ya mchanga, kwa fimbo moja ya chuma namba 3. Kwa fimbo hiyo alijifunza kuupaisha mpira na kuutambaza, kuupinda kulia na kushoto. Na mpaka mwisho wa enzi yake hapakuwa na aliyemshinda kwa ufundi wa karibu na shimo.

Mrejeaji hana haja ya kujinyima kiasi hicho, ila naye asiamini kwamba kanuni zinamlazimisha kuujaza mfuko. Kikomo cha fimbo 14 kiliwekwa Marekani mwaka 1938 na Uingereza mwaka 1939, kwa sababu wachezaji wa siku zile walikuwa wakibebesha watu mifuko yenye fimbo zaidi ya ishirini. Hicho ni kikomo, si faradhi. Fimbo saba zilizochaguliwa kwa makini zinatosha mtu kuchezea kwa furaha na kwa heshima katika uwanja wowote wa nchi ya mlima, na wepesi wa mfuko ni rehema kwa mgongo uliokwisha zoea kiti cha ofisi, au kwa goti lililopanda na kushuka mashamba ya chai kwa miaka thelathini.

Ya kwanza, basi, ni fimbo ya kusukumia mpira juu ya grini. Hesabu ya kawaida ya uwanja wa mapigo 72 humkadiria mchezaji misukumo miwili katika kila shimo, nayo kwa mashimo 18 ni 36, ambayo ni nusu kamili ya mchezo. Na hapana fimbo nyingine katika mfuko itumikayo mara nyingi kiasi hicho. Hata hivyo hii ndiyo fimbo izeekayo polepole kuliko zote, kwa kuwa haipigi kwa nguvu wala haichimbi ardhi, na iliyotengenezwa miaka ishirini iliyopita hufanya kazi sawa na ya mwaka huu. Anayeinunua aisimamishe kama atakavyocheza, macho yake yakiwa juu ya mpira au ndani kidogo ya mstari wake, mikono ikining'inia bila ya kukazwa. Kama kitako cha fimbo kimeinuka upande mmoja, fimbo hiyo si kimo chake, hata iwe na jina gani. Urefu ulio wa kawaida ni baina ya sentimita 84 na 89, na watu wengi hununua iliyo ndefu mno.

Ya pili ni weji ya mchanga, yenye uso uliolala kiasi cha digrii 56, na hapa ndipo nyasi za kikuyu zinaposikilizwa. Chini ya fimbo hii pana kitako kinene kilichoshuka nyuma ya ukingo wake wa mbele, kiasi kwamba fimbo ikigusa ardhi huteleza badala ya kuchimba. Mmarekani Gene Sarazen ndiye aliyeieneza kwa umbo hilo, akaitumia kushinda Open ya Uingereza mwaka 1932. Mwenye duka huenda akamsifia mteja weji yenye kitako chembamba, kwa kuwa hiyo ndiyo waipendayo mabingwa katika viwanja vikavu na vigumu. Mteja wa Nyeri aikatae kwa adabu. Udongo wetu mwekundu hulainika katika mvua za Machi mpaka Mei na zile za Oktoba mpaka Desemba, nyasi zetu ni nene, na kitako kipana chenye mteremko wa digrii 12 hivi humsamehe mtu makosa ambayo kitako chembamba hakiyasamehi. Lakini weji kuukuu itazamwe mifereji ya usoni kwa ukucha: ukucha ukipita bila ya kukwama, mifereji imelika, na mpira utakaopigwa kwayo hautashika breki juu ya grini.

Kisha zinakuja fimbo za chuma, na katika mlango huu nataka kukaa kidogo, kwa sababu fedha nyingi zinapotea hapa kwa kutojua jambo moja. Mtu aliyeacha gofu katika miaka ya 1980 alikuwa na fimbo namba 7 ambayo uso wake ulilala kwa digrii 36 au 37. Namba 7 ya siku hizi, katika seti nyingi ziuzwazo kwa wachezaji wa kawaida, imesimamishwa mpaka digrii 30, na nyingine chini ya hapo. Yaani ni namba 5 ya zamani iliyoandikwa namba mpya. Mtu akiijaribu dukani mpira huruka mbali kuliko alivyozoea, hushangaa, akadhani sayansi imemrudishia ujana, na mkono wake huwa umekwisha kwenda mfukoni. Gharama ya pili huja baadaye. Maadamu zote zimesimamishwa, hata weji fupi ya seti hiyo, iliyokuwa na digrii 50, sasa ina 44 au 45. Na baina yake na ile ya mchanga yenye digrii 56 panabaki pengo kubwa, ambalo mnunuzi huambiwa alizibe kwa kununua weji nyingine. Seti ya zamani haikuwa na pengo hilo. Aliye na fimbo zake za kale zimelala nyuma ya kabati, basi, azitoe, azipime na kuzisafisha kabla ya kuzidharau. Na anayenunua kuukuu asichanganye namba za seti mbili za zama mbalimbali, asije akabeba fimbo mbili zifanyazo kazi moja na kukosa ile ya kati.

Umbo la kichwa nalo lina maana. Fimbo za chuma za kale zilikuwa bapa, uzito wake umekusanyika nyuma ya kitovu cha uso, na mpira uliopigwa kando ya kitovu hicho ulitetemesha mikono na kuanguka karibu. Karsten Solheim, mhandisi aliyezaliwa Norwei akakulia Marekani, ndiye aliyeufanya mtindo wa kuchimba mgongo wa fimbo na kuusambaza uzito pembezoni uenee duniani kwa fimbo zake za Ping. Na ile ya mwaka 1982 iitwayo Eye 2 ingali mikononi mwa wachezaji wengi hata leo. Mrejeaji atafute fimbo za namna hiyo, zenye mgongo uliochimbwa, za kampuni yoyote inayojulikana. Wala asinunue nane ikiwa nne au tatu zinatosha: namba 5, 7 na 9 pamoja na weji fupi, au namba 6 na 8 pamoja na weji, kwa kadiri atakavyopata. Akiona namba 3 na namba 4 zinauzwa kwa bei ya kutupa, azipishe. Hizo ni fimbo za mwili wenye kasi, na badala yake hibridi moja, yenye kichwa cha mviringo na kitako kizito, hupenya katika nyasi nene kwa urahisi zaidi.

Uti wa fimbo ni jambo la mwili wa mchezaji kuliko la fahari yake. Herufi iliyoandikwa juu yake, R au S au A, huonyesha ugumu: S ni wa mwenye kasi, R ni wa wastani, A ni wa mwenye kasi ndogo. Mtu aliyecheza na S akiwa na miaka ishirini na mitano, akirudi na miaka hamsini na mitano aichukue R au A bila ya kuona haya, kwani uti mgumu kupita nguvu za mtu hutuma mpira chini na kulia, kwa mwenye kutumia mkono wa kulia, na huumiza viwiko. Uti wa chuma aghalabu una uzito wa gramu 100 na zaidi. Ule wa grafaiti unaweza kuwa na nusu ya huo, na kwa mwenye maumivu ya viungo tofauti hiyo ina thamani. Uti ulioliwa na kutu karibu na shingo, au wenye mbonyeo, ukataliwe hata ukitolewa bure. Na asimpelekee fundi wa kuchomelea fimbo iliyovunjika, kwa kuwa moto hudhoofisha chuma chembamba namna ile, na kichwa kikichomoka katika pigo chaweza kumdhuru mtu mwingine.

Mipini ya raba, kinyume chake, isimwogopeshe mnunuzi. Raba hukauka na kung'aa ikiachwa miaka kadhaa, hasa katika hewa ya mlima yenye jua kali la mchana na baridi ya usiku, na fimbo njema kabisa huonekana mbovu kwa sababu ya mpini tu. Kuibadilisha ni kazi ya kisu, utepe wa gundi pande mbili na mafuta ya kuyeyushia gundi, na gharama yake ni sehemu ndogo ya bei ya fimbo. Muuzaji aonaye aibu ya mpini uliochakaa hupunguza bei. Mnunuzi ajuaye hufurahi.

Fimbo zenyewe zipatikane wapi? Kenya haina upungufu wa mitumba, na katika masoko makubwa kama Gikomba au Karatina huenda mtu akaona fimbo moja moja imechanganyika na vyombo vingine. Lakini kuijenga seti kwa bahati ya soko kwahitaji saburi ndefu. Njia iliyo bora zaidi ni ya watu. Katika kila klabu wamo wanachama wabadilishao fimbo kila wapatapo mshahara mnono, wamo wazee waliokwisha kuacha, zimo familia zilizorithi mfuko zisijue la kuufanya. Na anayejua habari hizo zote ni kedi. Yeye ndiye aliyezibeba fimbo hizo, ajua ipi imepasuka na ipi haijatumiwa, ajua mwenyewe anaiuza kwa shida au kwa maringo. Mrejeaji na amsalimu kwa heshima, amweleze haja yake, na akipatiwa fimbo njema amtolee haki ya udalali wake pasipo kuvutana. Naliona hili kuwa jambo zito. Mtu anayebana shilingi katika bei ya fimbo ili apate kuimimina katika fimbo nyingine hajafanya iktisadi. Aliyebana ili amlipe kedi ujira unaofaa, alipie somo moja au mawili kwa mwalimu, na apate kucheza siku nyingi zaidi, huyo ndiye aliyezitia fedha zake pahali pake.

Kuhusu mipira sitasema mengi. Kila mpira halali, wa bei ya juu na wa bei ya chini, hauruhusiwi kuzidi gramu 45.93 wala kuwa mdogo kuliko milimita 42.67 kwa upana, na kwa mchezaji wa kawaida ule wa tabaka mbili wenye ganda gumu unatosha sana, kwa kuwa hauchaniki upesi na nyasi ndefu zitaumeza hata hivyo. Mipira iliyookotwa inafaa, isipokuwa ile iliyokaa majini muda mrefu. Glavu moja ya mkono wa kushoto, kwa atumiaye wa kulia, inunuliwe mpya. Viatu vya meno laini ya plastiki vitafutwe kuukuu, mradi soli isiwe imeanza kubanduka, maana umande wa asubuhi chini ya mlima hupenya kila mahali.

Baada ya hayo yote ndipo draiva ifikiriwe, na ifikiriwe baada ya miezi, mwili ukiwa umekwisha kurudi katika mwendo wake. Tangu mwaka 2004 kanuni zimekataza kichwa kuzidi sentimita za ujazo 460, na ule mruko wa uso wake nao umewekewa mpaka. Kwa hiyo draiva ya miaka kumi au kumi na tano iliyopita ilikwisha kufikia kikomo hicho hicho ambacho ya mwaka huu haiwezi kukivuka, na kilichobakia kubadilika sana ni rangi na bei. Aitafute yenye uso uliolala digrii 10 na nusu au 12, si ile ya digrii 9 wanayoitamani vijana. Aende na sumaku ndogo mfukoni, kwa kuwa fimbo za bandia ni nyingi: vichwa vingi vya draiva za kweli vimetengenezwa kwa titani, na titani haishikwi na sumaku, hivyo ile inayonaswa, ilhali muuzaji anaapa kuwa ni titani, iachwe palepale. Akague juu ya kichwa kama pana ufa mwembamba chini ya rangi, kisha akitikise karibu na sikio. Kikisikika kitu kikigongagonga ndani, bei yake na ishuke sana, au aende akatafute nyingine.